Kubana Matumizi ya Nyumbani Hatua kwa Hatua: Anza na Kinachovuja Kila Siku

Ushauri mwingi kuhusu kubana matumizi huanza kwa kukunyima: acha hiki, sahau kile, usile nje, usijinunulie kitu kizuri. Watu hujaribu kwa wiki mbili, huchoka, kisha hurudi kulekule walikotoka. Mimi nashauri uanzie upande mwingine. Karibu kila nyumba ina pesa inayotoka bila kumfurahisha mtu yeyote: chakula kinachoishia pipani, maji yanayotiririka chooni usiku kucha, umeme unaochemsha maji ambayo hakuna atakayeyanywa, huduma inayolipiwa kila mwezi ingawa hakuna anayeitumia. Hiyo ndiyo ya kukata kwanza, maana ukiikata hakuna atakayekosa kitu. Starehe ndogo za familia ziache kama zilivyo kwa sasa. Huenda usihitaji kuzigusa kabisa.

Hatua zifuatazo nimezipanga kwa makusudi. Ya kwanza inachosha kuliko zote, lakini ukiiruka, nyingine zote utazifanya kwa kubahatisha.

Hatua ya 1: Andika kila kinachotoka kwa wiki nne

Chukua daftari dogo, au tumia sehemu ya kuandikia kwenye simu, na andika kila malipo siku ileile yanapofanyika. Mambo matatu yanatosha: tarehe, kiasi, na kilichonunuliwa. Wiki nne zinahitajika kwa sababu bili nyingi huja mara moja kwa mwezi, na wiki ya kwanza baada ya mshahara haifanani hata kidogo na wiki ya mwisho. Ukipima wiki moja tu utapata picha ya wiki hiyo, nayo itakudanganya.

Katika kipindi hiki usibadilishe chochote. Nunua kama ulivyozoea. Watu wengi wakianza kuandika hujibana palepale, na mwisho wa mwezi daftari linaonyesha nyumba ambayo haipo. Kama mnaishi wawili au zaidi, kila anayeshika pesa aandike. Daftari la mtu mmoja katika nyumba ya watu watano ni sehemu ndogo tu ya habari.

Wiki nne zikiisha, fanya hesabu mbili. Kila kinachonunuliwa karibu kila siku, zidisha bei yake kwa 365. Kila kinacholipwa kwa mwezi, zidisha kwa 12. Hapo ndipo vitu vinapoanza kuonekana kwa ukubwa wake halisi: kitu kidogo cha kila siku mara nyingi humeza pesa kuliko kile kikubwa cha mara moja kwa mwaka ambacho familia nzima ilikijadili kwa wiki tatu. Kisha pitia orodha ukiwa na kalamu ya rangi na uweke alama kwenye aina tatu za matumizi: kilichonunuliwa kikatupwa, kilicholipiwa kisitumike, na kilichonunuliwa kwa haraka kwa bei kubwa kwa sababu kiliisha ghafla. Jumlisha alama hizo. Jumla hiyo ndiyo pesa unayoweza kuirudisha bila kumnyima mtu.

Hatua ya 2: Zuia chakula kisiishie pipani

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa jikoni ndipo penye pesa nyingi na ndipo mtu anapoweza kuona matokeo ndani ya wiki moja. Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, iliyotoka mwaka 2024 ilikadiria kuwa mwaka 2022 dunia ilipoteza tani bilioni 1.05 za chakula katika ngazi ya maduka, migahawa na majumbani, na kwamba asilimia 60 ya kiasi hicho kilitupwa majumbani. Kwa wastani, majumbani pekee ni kilo 79 kwa mtu kwa mwaka, zikiwemo sehemu zisizolika kama maganda na mifupa. Kwa familia ya watu watano, hiyo ni zaidi ya kilo moja kila siku. Sehemu iliyokuwa inalika ililipiwa, ikabebwa hadi nyumbani, ikatumia nafasi kwenye friji, kisha ikatupwa.

Kabla ya kwenda kununua, fungua friji na kabati. Anza kupanga milo kutokana na kile kilichopo na kitakachoharibika mapema, halafu ndipo uandike kinachokosekana. Watu wengi hufanya kinyume: hupanga wanachotamani, hununua, na vile vya zamani vinasukumwa nyuma hadi vinanuka. Tenga sehemu moja ya friji, mbele kabisa na kwa usawa wa macho, iwe ya vitu vya kuliwa kwanza, na waambie wote nyumbani kwamba anayesikia njaa aanzie hapo. Vipya vinapoingia viwekwe nyuma, vya zamani vije mbele. Maduka hupanga rafu zake hivyo kila siku.

Namna ya kuhifadhi inaleta tofauti kubwa. Ndizi, matofaa na nyanya zilizoiva hutoa gesi iitwayo ethilini, ambayo huharakisha kuiva na kunyauka kwa mboga na matunda yaliyo karibu. Ukiweka mboga za majani kwenye kapu moja na ndizi, mboga zitageuka njano mapema. Viazi viweke gizani, mahali pakavu penye hewa, mbali na vitunguu, kwa kuwa vikikaa pamoja huharibika haraka zaidi. Kiazi kilichogeuka kijani kwa sababu ya mwanga kina sumu ya solanini. Kama kijani ni kidogo kikate kwa kina, kama kimeenea kitupe. Mboga za majani zikaushe maji kabla ya kuzihifadhi, kisha zifunge kwenye kitambaa au karatasi, maana unyevu unaokaa juu ya jani ndio unaoliozesha.

Kuhusu tarehe zilizo kwenye vifungashio, kuna aina mbili, na kuzichanganya kunapoteza pesa au kunaleta ugonjwa. Tarehe ya mwisho ya kutumia huwekwa kwenye vyakula vinavyoharibika haraka, kama nyama mbichi na baadhi ya bidhaa za maziwa, na hiyo iheshimu. Tarehe ya ubora inaeleza tu hadi lini ladha na muundo vitabaki vilevile. Mchele, tambi, vyakula vya kopo na biskuti huliwa bila wasiwasi hata baada yake, mradi vimehifadhiwa vizuri na kopo halijavimba wala kutoboka.

Chakula kilichobaki ni mlo uliokwisha kulipiwa, lakini usikiokoe kwa kuhatarisha tumbo la mtu. Kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili baada ya kupikwa, na kama hali ya hewa ni ya joto kali, ndani ya saa moja. Kigawe kwenye vyombo vipana na vifupi ili kipoe haraka. Friji iwe na nyuzijoto 4 au 5. Wali unahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa una mbegu za bakteria zinazostahimili mchemsho, na ukiachwa juu ya meza usiku kucha hutengeneza sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi.

Jambo la mwisho la jikoni ni kikombe cha kupimia. Pima mchele au tambi kavu kwa kila mlaji badala ya kumimina kwa kukadiria. Andika kipimo kilichotosha. Baada ya wiki mbili utajua nyumba yako inakula kiasi gani hasa, na utashangaa kiasi ulichokuwa unapika kwa ajili ya pipa.

Hatua ya 3: Dukani, soma bei ya kipimo

Bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa haikuambii kama kitu ni rahisi au ghali. Kinachokuambia ni bei ya gramu 100, ya kilo, au ya lita. Maduka mengine huiandika kwa herufi ndogo chini ya bei kubwa. Mengine hayaiandiki kabisa, na hapo tumia kikokotoo cha simu: gawanya bei kwa uzito.

Kuna njia ya mkato ninayoipenda. Linganisha mara ngapi uzito umeongezeka na mara ngapi bei imeongezeka. Pakiti ya kilo moja ni mara 2.5 ya pakiti ya gramu 400. Kama bei yake ni chini ya mara 2.5 ya bei ya pakiti ndogo, kubwa ni nafuu. Kama ni mara 2.7, chukua ndogo mbili au tatu, hata kama pakiti kubwa imeandikwa kwamba ni ya kuokoa pesa. Hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Angalia pia uzito wenyewe kila unaponunua kitu ulichokizoea, kwa sababu watengenezaji wakati mwingine hupunguza gramu na kuacha bei na pakiti vikiwa na sura ileile. Kwenye vyakula vya kopo, linganisha uzito baada ya kuchuja maji.

Bidhaa ambazo muuzaji angependa uzichukue huwekwa usawa wa macho. Inama, au inua macho; zile za bei nafuu mara nyingi zipo chini au juu kabisa.

Ununuzi wa jumla unasifiwa mno, na mimi nauwekea masharti. Nunua kwa wingi kitu kisichoharibika, ambacho nyumba yako inakitumia kila wiki kwa kiasi kinachojulikana, na ambacho hakitaanza kutumiwa ovyo kwa sababu kimejaa kabatini. Sabuni, chumvi, karatasi za chooni na mchele vinakidhi masharti hayo. Viungo vya unga havikidhi, kwa kuwa harufu yake hupotea kabla ya kopo kuisha. Vitafunwa havikidhi kabisa: pakiti kumi huliwa kwa kasi ya pakiti kumi. Na kama pesa ya kununua gunia zima haipo kwa mkupuo mmoja, majirani au ndugu watatu wanaweza kuchangishana wakagawana.

Ofa ya kununua viwili upate cha tatu bure ina faida endapo ungevinunua vyote vitatu hata kama ofa isingekuwepo. Vinginevyo umelipia viwili ulipohitaji kimoja.

Nenda dukani umekula, ukiwa na orodha, na mara chache. Kila safari ya kufuata kitu kimoja hukurudisha na vitatu, ndiyo maana kile kilichoisha ghafla kina gharama kuliko bei yake. Bandika karatasi jikoni, na kitu kikibakia robo kiandikwe hapo na yeyote aliyekiona.

Hatua ya 4: Punguza moto wa kupikia

Maji yakishachemka hayapandi joto zaidi hata ukiongeza moto mara tatu. Kwenye usawa wa bahari hubaki nyuzijoto 100, na moto wa ziada unageuka mvuke tu unaopanda darini. Kwa hiyo chakula kikianza kutokota, punguza moto hadi mtokoto mdogo uonekane, funika sufuria, na muda wa kuiva utabaki uleule. Sufuria isiyo na kifuniko hupoteza joto kupitia mvuke muda wote. Ukichemsha maji bila kuifunika unalipia hewa. Mwali wa gesi usipite pembeni mwa sufuria, na ukiona ni wa njano badala ya bluu, jiko linahitaji kusafishwa au kurekebishwa, maana gesi haiungui yote na hewa chafu inabaki ndani.

Maharage na nafaka ngumu ziloweke usiku kucha, saa 8 hadi 12, kisha mwaga maji hayo na upike kwa maji mapya. Muda wa jikoni hupungua sana. Maharage mekundu lazima yachemke kwa nguvu angalau dakika 10, kwa kuwa mabichi yana sumu ambayo moto hafifu hauiondoi. Familia inayopika vitu vigumu mara kwa mara itanufaika na sufuria ya presha: ndani yake maji hufikia takriban nyuzijoto 120, na kinachochukua saa mbili huweza kuiva chini ya saa moja.

Ipo pia njia ya kupika bila moto kwa nusu ya safari. Chemsha chakula kwa nguvu kwa dakika kadhaa, kifunike kikiwa kinatokota, kisha kiingize haraka kwenye kapu au sanduku lililojazwa mablanketi, mito au nyasi kavu pande zote, juu na chini. Joto lililomo huendelea kukiivisha. Sufuria iwe imejaa kiasi, kwa kuwa chakula kidogo hupoa upesi, na ukikitoa kichemshe tena kabla ya kula.

Hatua ya 5: Jua uniti za umeme zinaliwa na nani

Kila kifaa kina kibandiko kinachotaja wati zake. Zidisha wati kwa saa za matumizi, gawanya kwa 1,000, umepata uniti, yaani kilowati-saa. Zidisha kwa bei ya uniti moja na utajua kila kifaa kinakugharimu nini kwa siku. Pasi ya wati 1,200 ikitumika nusu saa ni uniti 0.6. Feni ya wati 60 ikizunguka saa 8 ni karibu uniti 0.5. Hesabu hii ya dakika chache inabadilisha mawazo ya watu wengi, kwa sababu tunagombana na watoto juu ya taa huku heta ya maji ikila kimya kimya.

Kanuni ya kukumbuka ni hii: kinachotoa joto ndicho kinachokula. Heta ya maji, jiko la umeme, birika, pasi, oveni, mashine ya kukaushia nguo. Kiyoyozi nacho kimo kwenye kundi hilo. Anza na hivi. Ukijaza birika kila mara ilhali unahitaji vikombe viwili, unachemsha lita moja ya ziada. Kuitoa lita hiyo kwenye nyuzijoto 20 hadi 100 kunahitaji uniti 0.09. Ni kidogo, lakini ukifanya hivyo mara mbili kwa siku, ni zaidi ya uniti 60 kwa mwaka. Piga pasi nguo nyingi kwa pamoja badala ya shati moja kila asubuhi, na uizime kabla ya zile nyepesi za mwisho. Nguo fua kwa maji baridi inapowezekana, kwa kuwa mashine ikitumia maji ya moto, sehemu kubwa ya umeme wake huenda kwenye kuyapasha, si kwenye kuzungusha.

Taa ni rahisi kutatua mara moja. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa 5 kwa siku hutumia uniti 9 kwa mwezi. Ya LED yenye mwanga kama huo, ya wati 9 hivi, hutumia uniti 1.35. Badilisha kwanza zile zinazowaka muda mrefu: sebuleni, jikoni, nje. Ya stoo iache hadi iungue yenyewe.

Friji hufanya kazi mchana na usiku, hivyo ipe nafasi nyuma ipumue, iweke mbali na jiko na jua, na usiingize chakula ambacho bado ni cha moto sana. Kupima mpira wa mlango, bana karatasi kati ya mlango na friji. Ikichomoka bila kukwama, mpira umelegea au ni mchafu. Uoshe kwa maji ya sabuni kwanza. Mara nyingi hilo linatosha.

Kuhusu vifaa vinavyobaki kwenye soketi, kuna ushauri mwingi usio na uzito. Chaja ya kisasa ya simu isiyo na simu hutumia umeme mdogo mno, na kuhangaika nayo kila asubuhi hakutakuletea kitu cha maana kwenye bili. King'amuzi au redio kubwa ni habari nyingine: kifaa kinachovuta wati 10 wakati kimezimwa kwa rimoti, kikikaa hivyo saa 20 kwa siku, kitakula uniti 73 kwa mwaka. Hicho kizime ukutani.

Hatua ya 6: Tafuta maji yanayopotea

Usiku watu wanapokwenda kulala, andika namba za mita ya maji, zote hadi tarakimu za mwisho. Asubuhi kabla ya mtu yeyote kufungua koki au kwenda chooni, soma tena. Kama zimesogea, kuna uvujaji.

Mshukiwa wa kwanza ni choo, kwa kuwa huvuja bila kelele. Tia matone ya rangi ya chakula kwenye tangi la choo, subiri nusu saa bila kuvuta maji, halafu tazama bakuli. Ukiona rangi, mpira wa chini ya tangi haufungi vizuri. Ni kipuri cha bei ndogo na kukibadilisha hakuhitaji ufundi mkubwa. Mshukiwa wa pili ni koki inayodondosha. Tone moja kwa sekunde ni matone 86,400 kwa siku, takriban lita 20. Mara nyingi kilichochakaa ni kipira kidogo cha ndani. Funga maji kwenye koki kuu, fungua, kipeleke cha zamani dukani ili upate cha ukubwa uleule.

Bafuni, pima bomba la mvua kwa ndoo: linajaza lita ngapi kwa dakika moja? Likitoa lita 9, kuoga dakika 10 ni lita 90, na dakika 6 ni lita 54. Kwa watu wanne tofauti ni lita 144 kwa siku. Kama maji hayo yalikuwa yanapashwa joto kwa nyuzi 20 tu, umeokoa pia zaidi ya uniti 3 za umeme kila siku. Ndiyo maana bafu la maji ya moto linastahili kuangaliwa kabla ya taa.

Hatua ya 7: Vitu vidogo vya kupitia mchana mmoja

Tenga mchana mmoja upitie malipo yote yanayojirudia yenyewe: vipindi vya televisheni, muziki, programu za simu, hifadhi ya picha mtandaoni. Kila moja uliza, nani alikitumia mwezi uliopita? Kama hakuna jibu, sitisha leo. Kwenye simu za wote nyumbani, zima video zinazojicheza zenyewe na ruhusu programu zijisasishe kwenye waifai peke yake. Punguza ubora wa video. Saa moja ya video ya ubora wa juu huweza kula karibu GB 3, wakati ya ubora wa kawaida hula kama GB 1, na kwenye kioo cha simu tofauti haionekani sana.

Sabuni ya unga ikizidi kipimo haisafishi zaidi, inabaki kwenye nguo na kudai maji mengi ya kusuuza. Soma kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kisha jaribu kupunguza kidogo kidogo hadi uone inapoanza kushindwa. Siki nyeupe huondoa chokaa iliyoganda kwenye birika na mabomba kwa gharama ndogo, lakini usiichanganye kamwe na dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini, kwani huzalisha gesi yenye sumu.

Dawa za kawaida, kama za kutuliza maumivu, huuzwa kwa majina mengi zikiwa na kiambato kilekile na nguvu ileile. Mwombe mfamasia akuonyeshe ya bei nafuu yenye paracetamol ileile.

Hatua ya 8: Vitu vikubwa, na deni

Kwa kitu chochote kisicho cha dharura chenye bei ya kukufanya ufikirie, andika jina lake na tarehe, kisha subiri siku 30. Hamu nyingi huisha zenyewe. Isipoisha, nunua kwa moyo mkunjufu, na uwe umepata muda wa kulinganisha bei.

Unapochagua, gawanya bei kwa miaka kitakayodumu. Viatu vinavyodumu miaka minne kwa bei mara mbili ya vile vya mwaka mmoja ni nusu ya gharama. Rahisi ghali, na hapa ndipo usemi huo unapolipa. Uliza kabla ya kununua kama vipuri vinapatikana na kama fundi wa kawaida anaweza kukifungua.

Deni la kununulia matumizi ya kila siku linakula akiba zote nilizozitaja. Riba ya asilimia 10 kwa mwezi inasikika ndogo, lakini deni lisilolipwa kwa riba hiyo, ikiongezwa juu ya deni kila mwezi, hufika zaidi ya mara tatu baada ya miezi 12. Kama una deni la namna hii, pesa yote inayopatikana kwa hatua za juu iende huko kwanza. Hakuna akiba ya benki itakayokulipa riba ya kufidia.

Yapo pia ya kutobana. Usiahirishe matibabu, usitumie dawa nusu ya kipimo, usiache waya uliochubuka au mpira wa gesi uliopasuka kwa sababu fundi ni ghali. Na chakula cha watoto kisipunguzwe. Kinachopunguzwa ni kile kinachotupwa.

Hatua ya 9: Hamisha pesa siku ileile

Watu wengi hufanya yote haya vizuri na bado mwisho wa mwezi hawaoni chochote. Bili imeshuka kweli, ila tofauti imebaki kwenye mfuko uleule wa matumizi, ikayeyuka kwa mambo mengine. Bili ikija chini kuliko ya mwezi uliotangulia, hamisha tofauti hiyo siku hiyohiyo kwenda akaunti au kibubu usichokigusa kwa urahisi. Lengo la kwanza liwe matumizi ya lazima ya mwezi mmoja, ili friji ikifa au mtu akiugua usikimbilie mkopo. Familia ione kiasi kinavyopanda. Watoto hasa hujali kuzima taa wanapojua pesa hiyo inakwenda wapi.

Kila mwisho wa mwezi, soma mita ya umeme na ya maji tarehe ileile na uandike kwenye ukurasa mmoja, mwezi chini ya mwezi. Linganisha uniti na lita, usilinganishe pesa, maana bei hubadilika na kuficha ukweli. Andika pembeni kama kulikuwa na wageni, mgonjwa au joto lisilo la kawaida. Namba ikipanda bila sababu ya aina hiyo, rudi kwenye Hatua ya 5 au ya 6 wiki hiyohiyo, kabla bili nyingine haijaja.